Zubeiri, Beberu na Kulabu ya Shaba

Enyi mabwana na mabibi, mlioketi na mliosimama, tueni vikombe, nyamazisheni simu. Kwani habari niletayo ni kubwa kuliko harusi na uchaguzi: ni habari ya Zubeiri bin Ayubu wa Muheza, ngao ya ua, sultani wa nyundo, na jinsi alivyoufunga mlango wa jiko.

Jiko hilo lilikuwa na adui. Alikuwa beberu; si yule wa hotuba za siasa, bali beberu hasa, mwenye ndevu na harufu, mali ya jirani. Mlango ulishikwa na kulabu ya waya mnene wa shaba, na kila beberu alipousukuma, kulabu ilinyooka kwa adabu, kama mwenyeji akaribishaye mgeni. Asubuhi ile alikwisha kula mikate yote ya mofa, na alasiri washenga walikuwa wanakuja kumposa Sabra, binti wa nyumba.

"Baba Sabra," alisema Nasra, mkewe, "pilau iko jikoni. Beberu akiingia tena, wageni utawalisha maneno, na mimi utanifuata Kigombe kwa mama."

Zubeiri akajipiga kifua. "Ewe binti wa watu! Nani aliyesomea ufundi wa vyuma Tanga mjini, kama si mimi? Leo shaba hii itapita motoni, itoke shujaa!"

Akaizika kulabu katika makaa hata ikawa nyekundu, akaipoza, akaipachika kwa fahari iliyostahili matarumbeta. Beberu akaja, akasukuma kidogo tu. Ikanyooka. Walimkuta kichwa kimezama ndani ya bakuli la kachumbari. Pilau iliokolewa na mfuniko.

"Shujaa katoka motoni," alisema Nasra, "kaiva."

Hapo ndipo Zubeiri, jasho likimtoka, alipokumbuka nusu ya pili ya somo, ile aliyoisinzilia. Ndani ya shaba, chembe zimejipanga safu kwa safu. Lakini safu nyingine zina kasoro, na kasoro zikiteleza, shaba hupinda. Moto huzipunguza, na chache zilizobaki hupata njia nyeupe. Nyundo juu ya shaba baridi huzaa kasoro mpya tele, hata zikasongamana na kuzuiana kama watu mlangoni, asipite hata mmoja. Kwa ufupi, shaba huimarika kwa kuzidishiwa makosa. Jambo ambalo Zubeiri, kwa maisha aliyoishi, angelijua zamani.

Akaikunja upya ingali laini, akailaza juu ya jiwe, akaiponda huku na huku hata nyundo ikaanza kudunda.

"Basi, mume wangu, itakatika!"

Akamsikiliza mkewe. Wanahistoria na waliandike hilo nalo.

Beberu akarudi. Akapiga pembe, mlango ukalia, makuti yakapukutika. Kulabu ikakaa. Akapiga tena kwa ghadhabu ya majeshi. Kulabu ikakaa vilevile. Basi jabari yule akageuka, akaenda kwenye kamba ya nguo, akaitafuna kanzu ya shujaa mpaka kifuani.

Washenga wakapokewa na mwenye nyumba aliyevaa msuli na fulana.

"Shikamoo, mzee," wakasema.

"Marahaba. Njooni kwanza muione kulabu."

Wakaiona, wakasema mashaallah, wakauliza pilau iko wapi. Na Muheza yote ingehesabu miaka yake tangu alasiri ile, ila hakuna aliyeiarifu.