Minyoo ya Kununua

Eustache alikuwa amekaa kwenye benchi la zahanati moja ya Muhima, mjini Kigali, boksi la kiberiti mfukoni, akitafuta kisingizio cha kutoroka. Mwaka ule wa tisini na mbili kila mtu alipeleka choo chake maabara ndani ya boksi la kiberiti, ila la Eustache lilikuwa bado tupu, maana woga ulikuwa umemfunga tumbo tangu alfajiri. Alikuwa amekonda, anakohoa, ngozi inamwasha. Na siku zile ukikonda, majirani hawakuuliza unakula nini. Walinong'ona neno moja, SIDA, yaani ukimwi, kisha wakasogeza viti vyao.

"Mukantwari!" mpimaji alipaza sauti kutoka dirishani. "Iko na minyoo! Mingi!"

Mama mmoja mwembamba akaruka juu kwa furaha. Mashemeji zake, waliokuja kusikia kwa masikio yao, wakamkumbatia na kumwomba radhi. Benchi zima likampongeza. Zahanati ile haikujua siri. Majibu yalitangazwa mpaka wauza nyanya ng'ambo ya barabara wakayapata.

Mtu mwingine angemwonea wivu yule mama. Eustache aliona soko. Wembamba wamejaa Kigali, akawaza, na wanachokosa ni minyoo tu. Akaondoka bila kupimwa, na woga wake akauacha pale pale kwenye benchi, au ndivyo alivyojidanganya.

Kilichobaki ni kupata mzigo. Alimwendea Mukandekezi, mama mwenye nyumba wake kule Niboye, mjane mnene aliyewapikia wapangaji, akawafagilia na kuwamwagia ndoo zao za haja za usiku.

"Mama, wewe iko na minyoo?"

Mukandekezi aliacha kumenya ndizi, akamkagua mbavu moja moja. "Kwa nini unauliza?"

"Iko pesa ndani yake."

"Basi niko nayo. Tangu utoto."

Mtu mwenye akili angeuliza imekuwaje mwenye minyoo tangu utoto akajaa mlango mzima. Eustache aliuliza, akajijibu mwenyewe. Ndio ugonjwa wa wasemaji. Aliwahi kufagia hospitali moja ya Bujumbura, akatoka huko na ufagio na udaktari.

"Ndani ya mwili kuna askari, mama. Wengine askari wao wanapigana na minyoo usiku na mchana, ndio maana mtu anawashwa, anakohoa, anaisha. Wa kwako wamezoea. Wamefanya mkataba na minyoo, kila mtu akae kwake."

"Kweli kabisa," alisema Mukandekezi, ambaye hakuwahi kusikia kitu kizuri hivyo kuhusu tumbo lake. "Lakini mimi ni mjane wa heshima. Nitakuletea asubuhi, imefungwa. Usichungulie, usiulize."

Biashara ikashika moto. Walikuja wachumba waliotiliwa shaka, walikuja makarani, alikuja hata mwalimu wa katekisimu, ambaye aliungama kwanza ndipo akanunua. Kila mmoja aliondoka na kiberiti chake, akaitwa dirishani, akatangazwa kuwa na minyoo na kurudi kwao kifua mbele. Eustache alimlipa Mukandekezi bila kuchelewa. Mukandekezi akaezeka nyumba upya.

Ila Eustache mwenyewe alizidi kukonda. Usiku alikohoa, akajikuna, akahesabu watu watakaokuja kumzika, akaona ni wachache. Kilichomuuma zaidi ni Médiatrice, fundi cherehani aliyempenda kweli, bila ujanja wowote.

"Mama yangu amekataa tuoane," Médiatrice alimwambia siku moja bila kuinua macho kwenye cherehani. "Anasema mpaka yeye asikie dirishani."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi naogopa, Eustache."

Alitaka kumwambia kuwa naye anaogopa. Badala yake alichukua kiberiti kimoja katika mzigo wa asubuhi, akakipeleka kama vile alivyowafundisha wengine.

"Eustache! Minyoo! Huyu iko nayo ya kugawia watu!"

Mama mkwe akapiga vigelegele. Mpimaji akamwangalia Eustache, akamwambia kikohozi na mwasho ule ni mwili unapigana nayo tu, atapona. Eustache alitabasamu kwa huruma, akiona jamaa amenaswa vizuri. Médiatrice akamshikia kikombe cha maji mpaka vidonge vyote vya minyoo vikashuka, huku analia kwa furaha. Eustache naye alilia, kwa aibu. Alikuwa amemtapeli mtu pekee ambaye hakutaka kumtapeli.

Harusi ikapangwa. Kikohozi kikaisha, mwasho ukaisha, mashavu yakarudi. Eustache akadhani ni mapenzi.

Ndipo akaja Niyonzima, mfanyabiashara wa vitenge aliyekonda kwa vidonda vya tumbo na uchoyo. Alikuwa anagombea uenyekiti wa wafanyabiashara wa mtaa, na wapiga kura hawakutaka mwenyekiti wa kuzikwa mapema. Akanunua kiberiti kwa bei ya mheshimiwa na kuwaleta wapiga kura wote dirishani.

"Niyonzima! Hakuna kitu! Safi kabisa!"

Kisha, mmoja mmoja, wapiga kura wakakumbuka wameacha maduka wazi.

Eustache alikimbia mpaka Niboye bila kupumzika. "Mama! Minyoo yako iko wapi?"

"Yangu?" Mukandekezi aliendelea kupepeta mchele. "Mimi sijawahi kuwa na minyoo. Ndoo yako ya usiku anaimwaga nani?"

Eustache akakaa chini, palepale kwenye vumbi.

"Ilikuwa yako yote," alisema mama yule, bila aibu hata kidogo. "Mimi nilikuwa nafunga tu. Wewe ukaenda kunywa dawa, ukaharibu biashara ya watu."

"Uliniona nikikohoa! Mimi nilikuwa najizika kila usiku!"

"Nilikuwekea mafuta zaidi kwenye maharage. Ningekuambia, ungepona."

Eustache alitaka kumkaba. Hasira ilimpanda, ikakwama, kwa sababu jambo lingine lilikuwa linapanda nyuma yake. Minyoo ilikuwa yake. Kukonda kulikuwa kwa minyoo, na kikohozi, na mwasho, na sasa vyote vimekwisha. Hafi. Na Médiatrice hakutapeliwa. Alisikia dirishani ukweli mtupu, kutoka kwa tapeli aliyeamini anadanganya.

Nje Niyonzima alikuwa anagonga geti kwa mateke, akimwita mwizi kwa Kiswahili, Kinyarwanda na Kifaransa. Mukandekezi akachukua ungo wake, akaingia ndani na kufunga mlango. Eustache alicheka mpaka machozi yakamtoka, akajipangusa, akaenda kufungua geti apigwe.