Ombi la Kutenganishwa na Jua Kazini

Kwa Ndugu Meneja,
Shamba la Ngano la Serikali,
Hanang.

Ndugu Meneja,

Shikamoo. Najua wewe ni mdogo kwangu, lakini cheo nacho kinaamkiwa.

Mimi ni Akonaay Bura, kibarua wa kufukuza ndege kwenye ngano. Ni yule zeruzeru. Huwezi kunikosa hata ukiwa barabarani. Nalalamika hivi:

1. Nyapara Hermani amenipa kipande cha katikati, hakina mti hata mmoja. Niliomba cha pembeni, kwenye migunga. Akasema, "Mzee, Wazungu wa mradi Jumapili wanavua shati wanalala juani kwa hiari yao. Ngozi si ni hiyo hiyo? Kazi hii umeumbiwa wewe." Wenzangu wakacheka. Nikaenda katikati.

2. Gari lako likipita lazima tuvue kofia. Nakuheshimu. Ila unapita kutwa. Naomba nikuheshimu nikiwa nimevaa.

3. Sikio langu la kushoto lina kidonda. Hakiponi tangu mvua zilizopita. Nikaenda kwa daktari wa misheni. Akauliza, umezaliwa na ngozi hivi? Ndiyo. Umekaa juani miaka mingi? Ndiyo. Una kovu la moto? Ndiyo, mguuni. Umewahi kushika ile dawa ya zamani ya josho la ng'ombe, yenye sumu? Ndiyo, niliikoroga kwa mikono. Umri umeenda? Nikamwambia si unaniona. Maswali yakamwishia. Akasema ni kansa ya ngozi, ikikatwa mapema inapona, lakini nikirudi juani nayo inaweza kurudi.

4. Sasa angalia, Ndugu Meneja. Jua linaingia kazini asubuhi, na mimi asubuhi. Linatoka jioni, na mimi jioni. Sijawahi kulikuta limechelewa. Kwa hiyo anayeniumiza ni mfanyakazi mwenzangu. Wafanyakazi wawili wakiumizana, bosi anamhamisha mmoja. Lihamishe. Kama haliko chini yako, nihamishe mimi, nikae stoo ya magunia. Kama stoo imejaa, waagize ndege waje usiku.

5. Mke wangu Zita alifariki. Yeye ndiye alikuwa ananishonea kofia. Mtoto wetu Perpetua yuko darasa la nne, hana mtu mwingine ila mimi. Sitaki kufa kwa ajili ya ngano. Kwangu tunakula ugali.

Jibu lako litanikuta kipande cha katikati. Wasalimie karani, dereva, mama wa jikoni na watoto wako nyumbani. Hermani naye msalimie.

Ni mimi mwenye sikio,
Akonaay Bura,
kibarua.

N.B. Nimeambiwa sasa hivi kwamba kibarua asiyeweza jua anapunguzwa kazi, na chumba cha shamba anarudisha. Kama ni hivyo, sijalalamika. Jua halina neno. Na sikio lisikusumbue, ninayo mawili.