Ombi la Plasta kwa Kidole Kidogo

Ogari Machogu,
Itumbe.

Kwa Daktari Bosibori wa zahanati yetu,

YAH: KUNYIMWA PLASTA

Mheshimiwa Daktari, natumai u mzima kuliko mimi. Mimi ndiye yule niliyempiga teke kiboko wa kuchonga, wa jiwe la sabuni, anayezuia mlango wetu usijifunge. Ulinipiga picha, ukasema mfupa wa kidole kidogo umevunjika ila haujahama. Nikamshukuru Mungu, nikajua plasta ngumu ya kufungia mfupa inakuja. Badala yake ukatia pamba kati ya vidole viwili, ukavifunga pamoja kwa utepe, ukaniambia nivae kiatu kigumu, niinue mguu nikikaa, na nitembee kadiri maumivu yanavyoruhusu. Daktari, umeniangamiza.

1. Hayo ya kutembea uliyasema mbele ya mke wangu, Nyanchoka. Kesho yake alinikabidhi kikapu cha kuchumia chai.

2. Shemeji yangu Makori alipovunjika kifundo cha mguu ulimpa plasta hadi gotini. Wageni walijaa kwake na ndizi, maziwa mala, hata kwaya. Mimi nimeletewa pole tupu, tena kwa simu. Nikivua soksi wanacheka. Ninalia, nao wanacheka!

3. Sabato ijayo mama mkwe anakuja kunitazama. Ndiye aliyesema siku ya posa kwamba mimi ni mvivu mwenye sauti nzuri. Nimpokee na utepe?

Kwa hiyo naomba plasta hadi gotini. Lakini goti likibaki nje litanisaliti, basi heri ifike kiunoni. Na kwa kuwa mikono huru huchuma chai, tafadhali ifikirie na mikono. Kinywa uniachie, cha kukaribishia wageni.

Wasalimie wauguzi wote, pamoja na mlinzi aliyenibeba mgongoni bila kuuliza ni kidole kipi.

Ni mimi, mgonjwa wako mtiifu kwa shingo upande,
Ogari Machogu

Tanbihi: Kabla sijaifunga bahasha, mama mkwe amefika mapema na jogoo wa kunipa pole. Ameutazama utepe, akasema mfupa ni mfupa, akatokwa na machozi. Nimefurahi mno! Hapo jogoo akachoropoka. Nimemfukuza mistari yote ya chai, nikaruka ua la jirani, nikamdaka hewani, watu wakishangilia. Nilipotua nikavunja kidole cha mguu wa pili. Daktari, hiki kinauma kweli, wala hakuna anayeniamini, maana nilikimbia vizuri mno. Mama mkwe ameondoka na jogoo wake. Plasta acha. Naomba picha ya mfupa, kubwa, ya kutundika mlangoni.