Moshi wa Fuso na Msiba wa Baba Mkubwa

Jumatatu, 9 Juni 2025

Nimechoka, na wiki ndiyo kwanza inaanza. Pale tunapotokea kwenye lami wamekuja watu wa kupima moshi wa malori ya zamani. Wanachomeka bomba kwenye ekzosi, dereva anakanyaga mafuta hadi mwisho, mashine inatoa hukumu. Fuso langu halikuisubiri mashine. Mama muuza ndizi alifunika ndizi zake kwa khanga akahama. Mpimaji, kijana mpole aitwaye Moses, aliniambia kwa adabu nikasafishe nozeli zinazopuliza mafuta kwenye injini na kubadilisha kichujio cha hewa, kisha nirudi kuchukua stika. Bila stika, hakuna kubeba mzigo.

Na Erica, katibu wa chama chetu cha kahawa hapa Isansa, ametangaza kwamba gari litakalotangulia kufikisha kahawa kiwandani ndilo litakalobeba msimu mzima. Mpinzani ni mmoja: Alinanuswe, kaka wa mke wangu. Stika anayo, ila gari lake liko Zambia hadi Alhamisi. Amenipigia simu kunifariji. Kasema nikishindwa, nafasi ya utingo kwake ipo. Utingo! Nipande juu ya mizigo ya shemeji, kanisa zima likinitazama! Afadhali nilime.

Jumanne, 10 Juni

Fundi Lucky kasema ni kazi ya nusu siku: nozeli, kichujio, basi. Sikumwamini. Ugonjwa unaopona kwa nusu siku usingeletewa mashine kubwa vile. Nimeshindilia kwenye ekzosi nyuzi za chuma za kusugulia masufuria ili zichuje moshi. Fuso likakohoa, likanyamaza, kisha likazitema zote kwenye banda la kuku la jirani. Jogoo wake hajawika tena. Tumpe, mke wangu, kaniuliza masufuria atayasugua na nini. Nimelala mapema.

Jumatano, 11 Juni

Leo nilikuwa na akili nyingi mno. Gari la msiba nani analisimamisha? Nikapakia magunia ya kahawa ya Erica, nikafunika turubai, nikafunga matawi mabichi mbele, nikawasha taa mchana kweupe. Kufika kwa wapimaji, Moses akavua kofia, akainamisha kichwa. Nikapita! Moshi wangu mwenyewe uliingia dirishani na nikaupenda.

Sikwenda mbali. Kina mama waliokuwa wanarudi kijiji jirani cha Ruanda waliona matawi, wakasimamisha gari, wakapanda. Kwetu msiba hauombi mwaliko. Wakauliza nani ametutoka. Nikasema baba mkubwa Osea wa Kamsamba, kwa sababu Kamsamba ni mbali na mzee hana simu. Wakaketi juu ya kahawa, wakaanza kuimba. Ningeingiaje kiwandani na kwaya? Kila nilipopunguza mwendo, wengine wakapanda. Nikageuza gari. Moses akavua kofia tena.

Msiba lazima uwe na nyumba, na niliyokuwa nayo ni yangu tu. Tumpe alikuwa anapepeta mahindi. Aliyatazama matawi, akanitazama mimi, akaelewa yote. Kisha akaweka ungo chini, akakoka moto. Waombolezaji hawafukuzwi.

Alhamisi, 12 Juni

Uani hapana pa kukanyaga. Wameleta unga, maharage, kuni. Wamekula pia na mahindi yangu. Alinanuswe karudi kutoka Zambia, kaleta viti na mbuzi, kajipa uenyekiti wa msiba. Watu wanamsifu. Mchungaji kauliza tunazika lini na wapi. Nikasema Kamsamba, ndugu ndio wanaopanga. Wote wakasema vizuri, twende na Fuso.

Nilikuwa najiandaa kuugua, pikipiki ikaingia. Baba mkubwa Osea akashuka, kofia ya pama kichwani, vumbi la Kamsamba hadi kwenye nyusi. Alisikia kuna msiba kwetu akaja kuzika. Akauliza kafa nani. Mchungaji akajikaza akamwambia.

Mzee akatafuta kiti, akaketi. Akasema: "Endeleeni. Sijawahi kuliliwa nikiwa nasikia."

Tumpe akampakulia nyama. Mimi nilijificha nyuma ya Fuso, na kwa mara ya kwanza wiki hii nikaona aibu kweli.

Ijumaa, 13 Juni

Hawakuondoka. Walisema sasa ni ibada ya shukrani, na mbuzi alikuwa bado hajaisha. Mchana akaja Moses kutoa pole, rambirambi mkononi, mashine ndani ya gari. Alinanuswe akamtambulisha kwa marehemu. Moses akampa mzee mkono. Aliniomba tu niwashe Fuso.

Nikawasha. Nikakanyaga hadi mwisho. Moshi ukatanda ua mzima, na kina mama wakatokwa machozi ya kweli, ya kwanza katika msiba huu. Alinanuswe akayahamishia magunia kwenye gari lake, akaifikisha kahawa kabla ya jua kuzama. Msimu umekuwa wake. Nililia kidogo, na kwa bahati moshi ulikuwa bado upo.

Jumamosi, 14 Juni

Erica kanihurumia. Kahawa ni nyingi mwaka huu, Alinanuswe peke yake hataimaliza. Jumatatu nikifika kiwandani na shehena moja, nami nitagawiwa. Lucky bado anasema nusu siku. Moses kasema stika iko tayari, inasubiri gari tu. Tumpe kasema neno moja: "Nozeli, baba Pendo." Nimewaitikia wote. Kweli nimechoka na ujanja.

Halafu jioni nikawaza. Matawi yaliniponza kwa sababu msiba unakusanya watu wenye huzuni, na mwenye huzuni ana maswali. Watu wenye furaha hawaulizi. Gari la harusi, lenye maua na honi, nani atalichomekea bomba? Baba mkubwa Osea, mjane tangu zamani, kakubali kuwa bwana harusi. Anasema aliyeliliwa na watu wote hawa ana haki ya kuanza upya. Maua nimeshachuma. Bibi harusi tunamtafuta kesho baada ya ibada.