Mishumaa Saba kwa Miaka Sitini na Nne

Kwa Shangazi,
Mwenye duka la keki na mikate.

Shikamoo Shangazi.

Natumaini barua hii itakukuta umeketi. Nakuandikia ingawa tunalala nyumba moja, kwa sababu nikikutazama usoni maneno hunikimbia. Jana uliniondoa jikoni, ukaniamuru kuanzia kesho nisimame kaunta niongee na wateja. Kwa heshima zote, napinga adhabu hiyo. Hoja zangu ni nne. Nimezipa namba kwa mfumo wa mbili, ule wenye sifuri na moja peke yake, hivyo usidhani kuna kurasa zilizopotea.

1. Seremala aliagiza keki ya mama yake anayetimiza miaka sitini na nne, akasema mama hana pumzi ya kuzima mishumaa mingi. Nikakokotoa. Katika mfumo wa mbili, nafasi huanza na moja, kisha mbili, nne, nane, kumi na sita, thelathini na mbili, halafu sitini na nne. Mshumaa unaowaka ni moja, usiowaka ni sifuri; basi mishumaa saba inatosha, na unaowaka ni ule wa nafasi ya sitini na nne tu. Pumzi moja, kazi kwisha. Keki niliipeleka mwenyewe, nikawasha mmoja, nikatoka mbio kabla hawajanisalimia.

10. Seremala alikuja akifoka, "Mama yangu ana miaka saba? Na hii sita mbona haiwaki, mmetuwekea mibovu?" Wewe ukamwomba radhi. Shangazi, hesabu sahihi haiombewi radhi.

11. Kwa maneno ya seremala mwenyewe, shemeji yake ndiye aliyewasha ile sita iliyobaki. Yote saba ikiwaka ni mia moja ishirini na saba. Yule bwana amemzeesha mkwewe miaka sitini na mitatu kwa njiti moja ya kiberiti, na hakuna aliyemhamisha kazi.

100. Uliniambia, "Binti wee, shule imekuzidi kimo!" Lakini shule hiyo ingekufaa wewe kwanza. Mwezi ujao unatimiza hamsini, na hutaki hata itajwe. Katika mfumo wa kumi na sita, hamsini ni kumi na sita mara tatu, na mbili juu yake: huandikwa 32. Hapo hakuna uongo hata chembe. Naomba basi duka zima lihamie huko. Joto la oveni la 180 liandikwe B4, maana huko kumi na moja huandikwa B, na dakika arobaini za kuoka ziandikwe 28. Mwokaji atazoea baada ya keki mbichi chache.

Kwa hayo, naomba nirudishwe jikoni.

Nisalimie mwokaji, paka wa stoo, na Baba ukiongea naye. Mimi sijambo, niko chumba cha pili.

Wako mtiifu,
Mtoto wa kaka yako.

Baada ya kuandika: Nimetoka kuosha sinia la ile keki, nikakumbuka kwamba keki ilikuwa ya duara, na mishumaa niliipanga kuzunguka ukingo. Duara halina mwanzo. Aliyeketi hapa alisoma sitini na nne, jirani yake thelathini na mbili, na wa mwisho alimwona bibi ana mwaka mmoja. Seremala alikuwa na haki ya kufoka. Kesho saa mbili asubuhi nitakuwa kaunta. Naomba tu uniweke upande wa mikate. Huko wateja huonyesha kwa kidole.