Kondoo Themanini wa Karatasini

Jumatatu, 6 Oktoba
Barua! Mkaguzi wa ruzuku anakuja Alhamisi kuwaona kondoo wangu themanini. Hata mimi ningependa kuwaona. Nina mkahawa wa viti kumi na viwili na mbuzi mmoja kiwete. Kondoo wako kwenye fomu tu, mwaka wa tatu sasa. Mke wangu Argyro kaisoma barua mara mbili, kasema, "Manousos, ukifungwa usitegemee nikuletee hata soksi."

Jumanne, 7 Oktoba
Njia imepatikana! Binamu yangu Sifis ana kondoo mlimani, wa kweli, wanaokula majani. Hajawahi kuandikisha hata mmoja, maana hataki serikali ijue anakaa wapi. Kakubali kuniazima themanini kwa siku moja. Kadai madumu mawili ya raki, ile pombe yetu kali ya zabibu, na nimwombe radhi kwa niliyoyasema kwenye harusi yake. Nimeomba. Sikumbuki nilisema nini.

Jumatano, 8 Oktoba
Kutwa nzima tunawavika kondoo hereni. Zile za plastiki za serikali, zenye namba. Zilikuwa kabatini chini ya vitambaa vya Argyro miaka yote hii. Nimejitoboa kidole mara mbili.

Kisha balaa! Huku Krete kila mchungaji ana mkato wake wa sikio. Sifis hukata ncha, basi. Kumbe kumi na mmoja wamekatwa sikio kwa umbo la mkia wa mbayuwayu. Huo ni mkato wa Vardis, jirani yangu, aliyeninunia tangu nifungue mkahawa mkabala na wake. Nikamuuliza Sifis imekuwaje. Akasema walimfuata wenyewe, kwa miguu yao, na hakutaka kuwavunja moyo. Wizi juu ya uongo! Hereni haifichi mkato, na wengine wa kubadilisha hakuna. Kwisha mimi.

Alhamisi, 9 Oktoba
Mkaguzi ni mama wa makamo, buti hadi magotini, hacheki. Kahesabu: themanini. Kasoma namba: sawa. Halafu akashika sikio, akauliza mbona hawa wamekatwa tofauti. Nikajibu ni urembo. Papo hapo gari la Vardis likasimama! Akashuka. Akatazama kondoo, akatazama masikio, uso ukawa nyanya. Mkaguzi akamuuliza, kama jirani, anajua hawa ni wa nani. Vardis akafungua mdomo. Akaufunga. Akaufungua tena.

"Wa Manousos," akasema. "Hata mama zao nawajua."

Mkaguzi akapiga muhuri. Nusura nimbusu Vardis.

Ijumaa, 10 Oktoba
Leo ndiyo nimeelewa. Vardis kaja kunitukana kwa sauti ya chini, kwenye kona, akinywa kahawa yangu. Kondoo wake walipoibwa hakuripoti popote. Anaendelea kuwachukulia ruzuku kana kwamba wako zizini, na mwezi uliopita katia sahihi kwamba wote wapo. Angesema ni wake, tungepanda karandinga moja, bega kwa bega. Nikamwongezea kahawa na keki ya jibini. Mtu mwema sana, Vardis.

Afadhali, jamani! Nimepumua hadi mkanda umelegea. Nimeenda kanisani, nikawasha mshumaa mrefu kuliko yote, nikamwapia Mama wa Mungu kwamba sitaandika tena kondoo nisiye naye. Argyro kalia kwa furaha, halafu kanipiga na kijiko cha mti.

Jumapili, 12 Oktoba
Mkaguzi aliniachia fomu ya mwaka ujao. Argyro kasimama nyuma ya kiti changu, kanionyesha kwa kidole: kondoo, sifuri. Nimeandika sifuri kubwa, ya mviringo, inayosomeka hata na kipofu. Akanibusu utosini, akaenda zake kanisani.

Kiapo ni kiapo. Kondoo siwagusi. Ila nimegeuza ukurasa, kumbe nyuki nao wana mstari wao! Nimeandika mizinga mia mbili. Nani atakuja kuhesabu nyuki?