Vita vya Godefroid na Mtambo wa Marehemu Baba

Nyamazeni, enyi watu wa Katuba na Kamalondo, acheni bukari, ugali wenu, ipoe sahanini, msikie vita alivyopigana Godefroid Mwansa, simba wa sebule, mwana wa mpiga Morse wa reli, shujaa ambaye maishani mwake hakuwahi kukaza skrubu bila kuita mashahidi!

Sebuleni mwake ulikaa mtambo wa kurushia Morse, herufi za milio mifupi na mirefu, aliouacha marehemu babake: sanduku la chuma lenye taa za kioo ndani, zito kama gunia la mahindi, bubu tangu mzee azikwe. Mkewe Albertine, muuza samaki, alipataka mahali pale pa kuwekea frigo, jokofu lake la samaki. Jumapili ile, akibandika maji ya bukari, alimtolea mumewe hukumu.

"Papa Kunda, nimechoka! Kama mdogo wako David wa Kasomeno hakukujibu kwa Morse mbele ya bukari kuiva, ile masini inatoka, inaenda kwa bantu ba vyuma chakavu. Frigo inaingia."

"Mama Kunda," akanguruma bwana yule, kifua mbele, "leo mawimbi yatanitambua!"

Akatwaa silaha yake mpya, kipiga-Morse cha elektroniki, kidude cha ukubwa wa sabuni kinachopanga nukta na mistari chenyewe. David, mdogo wake, alikuwa amemwonya kwa simu: "Yaya, mukubwa wangu, ile masini ya lampe za kioo iko na courant, umeme ya nguvu, itaua hako kadude. Tia relé, swichi ya sumaku, katikati, ipokee ile moto ya umeme."

"Kati ya chombo cha baba na mkono wa mwana," simba alikuwa amejibu, "hapaingii kitu!"

Lo, ukaidi! Akaunganisha waya kwa waya. Taa zikawaka, nyekundu, tukufu. Shujaa akagusa kidude; kikalia tak, kikatoa moshi mwembamba, kikafa. Maji ya bukari yalikuwa hayajachemka.

Hapo simba machozi yakamlenga, tusimfiche, maana aliuona mtambo wa babake ukisukumwa kwenye mkokoteni wa vyuma chakavu. Akakipasua kidude, akang'oa transista iliyoungua, akatia nyingine. Na relé itoke wapi? Akanyata hadi uani, akafunua boneti ya Toyota ya mkewe, akateka nyara relé ya honi. Jemadari gani huyu, kuvizia gari lililozimwa!

Akaiweka katikati, na betri ya kuiendesha. Akapiga jina la David kwa kasi ya majivuno; relé, iliyozoea kufukuza pikipiki, ikababaika, ikameza nusu ya herufi. Redio ya kupokelea, pale mezani, haikulia. Jikoni mwiko ukagonga sufuria. Akapiga tena, safari hii kama alivyopiga mzee, polepole, herufi kwa herufi. Na redio ya mezani ikalia, kutoka Kasomeno: fupi, ndefu, fupi. Nimepokea!

Albertine akasimama mlangoni na sahani mkononi. Mkwewe, marehemu mzee, alikuwa akimalizia kwa milio hiyo hiyo kila siku, miaka yote.

"Hii njo sauti ya mzee," akasema, akapangusa jicho. "Basi, ibaki."

Godefroid akapanda kiti, akawahutubia majirani: "Leo Lubumbashi imesema na Kasomeno!" Kwamba miji hiyo husemezana kwa simu kila siku, hakulitaja.

Basi na iandikwe: mtambo ulishika kiti chake, na frigo likabaki koridoni. Jumatatu shujaa aliketi nyumbani akipokea pongezi. Njiani kwenda sokoni, Albertine, gari limejaa samaki, alibonyeza honi, ikanyamaza. Akabonyeza tena. Mwishowe akatoa kichwa dirishani, akawafokea wenye pikipiki kwa mdomo wake mwenyewe:

"Pii! Pii! Mutoke mu njia!"